Waini ya Mkwe Wangu

Ulimi wangu ulinilisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na sioni haya kuusifu. Nilikuwa muonjaji wa kahawa katika kinu kimoja upande huu wa mlima. Kazi yenyewe ukiiona mara ya kwanza utacheka. Vikombe vimepangwa mezani, wewe unazunguka na kijiko, unavuta kahawa mdomoni kwa kelele ya kuamsha jirani, unaizungusha, halafu unaitema kwenye ndoo. Kisha unawaambia watu kwamba hii ilikaa sana kwenye maji, hii ilianikwa vibaya, na hii ni safi, mwenyewe apewe haki yake. Marehemu mume wangu alinikataza kunywa supu mbele ya wageni, kwa sababu mazoea ya kazini yalinifuata mpaka nyumbani. Nilimwambia avumilie tu, maana kelele hiyo hiyo ndiyo iliyoezeka paa alilokuwa amelala chini yake.

Nilipostaafu nilirudi Othaya kuchuma majani chai yangu na kuimba kwenye kwaya ya akina mama. Sikutarajia kuitwa tena kuonja kitu. Lakini mwaka jana mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi yetu ya ukungu ambayo hata mbwa hataki kutoka nje, mkwe wangu alinipigia simu.

"Niko na shida na waini," akasema. "Na wewe uko na ulimi. Kuja Jumamosi."

Huyu mkwe ni baba ya kijana aliyemuoa binti yangu. Maisha aliyaanza kwa kununua ng'ombe huko Doldol na kuwaleta kwa wenye bucha wa Nyeri. Baadaye akawa na bucha yake, kisha akafungua mahali pa nyama choma, na sasa amejenga hoteli ya steki kwenye barabara ya Mweiga, yenye madirisha makubwa yanayotazama mlima na vitambaa vyeupe mezani. Wageni wanatoka Nanyuki na hata Nairobi kuja kula kipande cha nyama kinene kama Biblia. Nyama anaijua kweli kweli. Akimpapasa fahali mgongoni atakuambia atakavyolainika kwenye moto. Waini ndiyo hajui hata kidogo. Yeye hunywa chai, tena ile ya maziwa mengi.

Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu wa kanisa na pombe siinywi.

"Kwani kahawa ulikuwa unakunywa?" akaniuliza. "Si ulikuwa unatema?"

Hapo alinikamata, nikakubali kwenda.

Ndipo akanieleza shida yenyewe. Wageni walikuwa wanamaliza nyama na kuacha waini nyekundu kwenye glasi. Mmoja aliisukuma kando akaagiza soda, na mkwe wangu aliyaona hayo kwa macho yake. Waini zote zilichaguliwa na msichana mmoja kutoka upande wa Kakamega aliyesomea kazi za hoteli. Yeye ndiye aliyekuwa anaagiza, anamimina na kuwaeleza wageni.

"Ukionja ukasema ni mbaya," mkwe wangu akasema, "huyo anaenda kwao mwisho wa mwezi. Kuna kijana wa Nairobi ameniandikia, ako tayari."

Aliyasema kama mtu anayezungumzia kubadilisha gurudumu. Mimi sikuwa nimemwona huyo msichana, lakini usiku huo sikulala vizuri. Najua vile kazi ya mtu inavyoweza kukatwa na ulimi wa mtu mwingine. Nimeshafanya hivyo kwa wakulima, na wengine walikuwa wananilaumu sokoni mbele ya watu.

Kulikuwa na jambo lingine lililonikosesha raha. Kwetu Wakikuyu, mkwe hakosolewi. Ukipewa uji wenye moshi nyumbani kwa mkwe, unaumaliza na kuomba kikombe cha pili. Siku ya kwanza kwenda kwake nilipewa kuku mgumu kama kiatu cha polisi, nami nikasifu mpaka nikafungiwa kipande cha kubeba. Sasa ningemwambiaje huyo huyo kwamba kinywaji cha nyumba yake ni kibaya? Na nikikosa kumwambia, nimeenda kufanya nini?

Jumamosi, saa sita hivi, nilifika. Aliyenipokea mlangoni alikuwa msichana mwenyewe, ingawa kumwita msichana ni mazoea yetu tu, maana alikuwa karibu miaka thelathini na ana mtoto darasa la tatu hapo Nyeri mjini. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa aproni nyeusi iliyopigwa pasi vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mama. Meza yako iko tayari."

Nilimpenda papo hapo, na hilo likazidi kuniharibia siku. Alikuwa amepanga chupa kumi, nyeupe tano na nyekundu tano, na mbele ya kila chupa ameweka kikaratasi alichoandika kwa mkono wake: hii inafaa nyama gani, hii inywewe na samaki, hii imfae mtu asiyezoea. Alizijua zile chupa kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake. Nilipoomba ndoo na kijiko hakucheka.

"Kijiko cha supu ama cha chai?" akauliza.

"Cha supu."

Nikaanza na zile nyeupe, zilizotoka kwenye friji. Nilivuta ya kwanza kwa ile kelele yangu ya miaka yote. Bwana mmoja mwenye tai kwenye meza ya jirani aliweka uma chini akanitazama kama mtu anayesubiri ambulensi. Sikumjali. Ya kwanza ilikuwa na limau na harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi. Ya pili ilikuwa na tunda kama pea, tamu kidogo, imesimama sawa. Zote tano zilikuwa nzuri, na kila moja ilikuwa na tabia yake. Furaha iliniingia. Nilijua sasa kwamba mchaguaji hakuwa amebahatisha.

Kisha nikaingia kwenye nyekundu. Ya kwanza ilikuwa na ladha ya jamu iliyosahauliwa jikoni mpaka ikashika sufuria. Nikatema. Ya pili ilitoka nchi nyingine kabisa, lakini ladha ilikuwa ile ile ya jamu iliyoungua. Ya tatu hivyo hivyo. Nilipofika ya tano mkono ulikuwa mzito. Msichana alikuwa amesimama kando yangu, na nikagundua kwamba haangalii chupa wala glasi. Alikuwa anaangalia mdomo wangu. Moyo uliniuma, sitaki kudanganya.

Lakini kazi ya miaka thelathini haitoki mtu kichwani. Kinuni, kikombe kimoja kikiwa kibaya tulimtafuta mkulima. Vikombe vyote vya wakulima mbalimbali vikiwa na kosa lile lile, hatukuwasumbua wakulima. Tulienda kuangalia stoo. Wakati mmoja tuliharibu magunia mazuri kwa kuyapanga karibu na mashine ya kukausha, na kahawa yote ikatoka na ladha ya mti mkavu.

"Hizi nyekundu mnaziweka wapi?" nikamuuliza.

Alionyesha kwa kidevu. Katikati ya ukumbi kulikuwa na meko kubwa ya mawe iliyopanda mpaka darini, na moto wake ulikuwa unawaka tangu asubuhi kwa sababu ya baridi. Pande zote mbili za ile meko, ndani ya ukuta huo huo, kulikuwa na mashimo mengi yaliyojengwa kwa ustadi. Kila shimo lilikuwa na chupa yake, shingo nje, na vitaa vidogo vya kuipamba. Ilikuwa nzuri sana, wageni walikuwa wanapigia picha hapo. Niliinuka nikaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Nikavuta chupa moja, nikaona kizibo kimeanza kupanda chenyewe na shingo inanata.

"Nani aliamua ziwekwe hapa?"

Alitazama upande wa kaunta, ambako mkwe wangu alikuwa anaongea na mtu wa mboga.

"Mimi ni mfanyakazi tu, mama."

Jibu hilo lilinitosha. Nikamuuliza kama kuna chupa yoyote ambayo haijawahi kukaa ukutani. Hakungoja nimalize. Alienda mbio chumba cha nyuma, kile chenye baridi wanamoweka viazi, akarudi na chupa iliyofika wiki hiyo. Ilikuwa sawasawa na ile ya tatu niliyokuwa nimetema, kampuni moja, mwaka mmoja. Akaifungua, akamimina glasi mbili kando kwa kando.

Hiyo ya viazi ilikuwa hai. Ilikuwa na matunda, pilipili kidogo, na harufu ya shamba mvua ikiacha kunyesha. Nilivuta mara ya kwanza nikatema. Nilivuta mara ya pili na, Mungu anisamehe, sikumbuki vizuri kama nilitema. Niliona mtu ambaye kazi yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na ukuta ulikuwa unaiharibu kila siku, mbele ya macho yake.

Tena nilijua huo ukuta umetoka wapi. Mtu wa Nairobi angesema ni ujinga, lakini mimi ni wa rika moja na mkwe wangu. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa muratina, ile pombe yetu ya asali. Muratina hukaa kwenye kibuyu karibu na meko, imefunikwa blanketi, kwa sababu bila joto haiivi. Watoto wa nyumba hiyo walilala na baridi ili kibuyu kilale na joto. Mkwe wangu hakuwahi kunywa pombe maishani, na kitu kimoja tu alichojua kuhusu pombe alikiona kwa mama yake. Alipopata uwezo, alikijenga kwa mawe na kukiwekea taa. Kwa hivyo kuulaumu ukuta ule kungekuwa kama kumlaumu marehemu mama yake mbele ya wageni.

Mkwe wangu akaja akavuta kiti. Kofia ilikuwa kichwani, mikono mezani.

"Haya, mkwe. Nzuri ama mbaya?"

Nikisema nzuri, wageni wataendelea kuacha glasi na msichana atafukuzwa mwezi ujao. Nikisema mbaya, atafukuzwa mwezi huu. Nikisema ukuta, nimemkosoa mkwe kwa mdomo wangu. Yeye msichana alirudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono, kama mtu aliyesimama mahakamani.

Ndipo nikakumbuka siku ya mahari ya binti yangu. Sisi wazazi tulikaa tukitazamana kama hatujuani. Wa kusema walikuwa wasemaji, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu, na yale maneno makali yote yalipita kwao. Msemaji huwa hakasirikiwi, maana mdomo ni wake lakini maneno si yake. Siku ile tuliambiana mambo ambayo yangetutenganisha kabisa, na jioni tukala pamoja tukicheka.

Nikavuta kiti cha tatu.

"Kaa hapa," nikamwambia msichana.

Alimwangalia tajiri wake.

"Kaa. Leo wewe ni msemaji wangu."

Mkwe wangu alicheka. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, na akavua kofia akaiweka kwenye goti. Msemaji akishakaa, kwetu si mzaha tena. Nilimweleza msichana kwa ufupi: nitakachosema, arudie. Mkwe wangu atamjibu yeye, si mimi. Asiongeze wala asipunguze.

"Mwambie mkwe wangu nimeshukuru kwa kunikaribisha, na nyama yake haina mpinzani."

"Anasema ameshukuru, na nyama haina mpinzani."

"Mwambie karibu sana," mkwe wangu akajibu, akitazama dari kama inavyotakiwa.

"Mwambie waini nyeupe zote ni nzuri. Aliyezichagua anaijua kazi yake."

Msichana akakwama. "Mama, hiyo siwezi kusema mimi."

"Msemaji hachagui maneno. Sema."

Aliyasema huku akikitazama kitambaa cha meza, sauti imeshuka mpaka ikawa ya kanisani. Mkwe wangu aliitikia kwa kichwa.

"Sasa mwambie zile nyekundu nazo zilichaguliwa vizuri, lakini zimekufa."

Akasema. Mkwe wangu akakaa sawa kwenye kiti.

"Muulize mkwe wangu, zimeuawa na nani?" akasema.

"Mwambie zimeuawa na joto la ukuta."

Msichana alivuta pumzi. "Anasema ni joto la ukuta, mzee."

Uso wa mkwe wangu ulibadilika. Nilimwogopa kidogo, na niliogopa zaidi kwa ajili ya huyu mtoto wa wenyewe niliyemtanguliza mbele kama ngao.

"Mwambie mkwe wangu," akasema pole pole, "pombe bila joto haiivi. Mama yangu alikuwa anaiweka mekoni, na wazee walikuwa wanatoka mbali kuja kuikunywa."

"Mwambie hiyo ni kweli. Sifa za mama yake zilifika mpaka Othaya. Lakini muratina alikuwa anaichachusha mwenyewe tangu mwanzo, ndiyo maana ilitaka joto. Hii iliivia huko ilikotoka. Hapa imekuja kupumzika tu, na sisi tunaichemsha."

Msichana alianza kurudia maneno yangu, lakini katikati yake akaniacha. "Na kizibo, mzee, kikipata joto kinapanda," akasema. Hayo sikuwa nimemtuma. "Kikipanda, hewa inaingia. Chupa za juu ndizo zinaharibika haraka, kwa sababu moshi unapita hapo. Ndiyo mgeni anaonja mara moja anaacha. Si kwamba hapendi waini, mzee. Anapewa iliyooza." Mikono yake ilikuwa inaeleza pamoja naye. Akasukuma zile glasi mbili mpaka mbele ya tajiri wake. "Hizi ni waini moja. Hii imetoka ukutani, hii imetoka kwa viazi. Onja."

Mtu wa chai aliinua glasi ya ukutani, akaonja, akakunja uso. Akachukua ile nyingine. Hakujua kuvuta wala kutema, alimeza tu kama dawa. Lakini mtu aliyeishi na nyama miaka yake yote anajua kitu kilicho hai na kilichokufa. Akarudia ya kwanza, akarudia ya pili. Kisha akaziweka chini, akaacha kutazama dari, na kwa mara ya kwanza tangu tukae akamwangalia msichana machoni.

"Wewe umejua haya tangu lini?"

"Tangu tuwashe huo moto mwaka wa kwanza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mzee. Mara tatu."

Mkwe wangu alinigeukia kana kwamba ningemsaidia. Nikachungulia ndoo yangu.

"Mara tatu?" akasema.

"Ya mwisho tulikuwa hapa hapa. Ukaniambia kazi yangu ni kumimina."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejibu swali, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimwona mkwe wangu akitafuta kichwani mwake, na nikaona wakati alipoipata ile siku, kwa sababu masikio yalimwiva na mkono ukaenda wenyewe kwenye kofia ukaanza kuizungusha. Yule bwana mwenye tai alikuwa ameacha kula kabisa. Nilitamani kusema kitu cha kupoza mambo, chochote, lakini nilijizuia. Hayo hayakuwa maneno ya kupitia kwa msemaji.

"Basi hii ya nne nimesikia," akasema.

Akasimama, akavua koti, akaliacha kwenye kiti. Alienda mpaka kwenye meko akanyoosha mikono kwenye yale mashimo ya juu, ambayo msichana hangeyafikia bila ngazi, akaanza kuchomoa chupa moja moja na kuzikumbatia kifuani. Alipojaza mikono aligeuka, akabaki amesimama katikati ya hoteli yake, mbele ya wageni wake wote, hajui pa kwenda.

"Tunazipeleka wapi?" akamuuliza.

"Nifuate," msichana akamwambia, akatangulia.